Saa Tatu za Kitanda cha Sita

Kitanda cha sita kina saa tatu,
wala sisemi saa tatu ya usiku.
Nasema saa, tatu, juu ya kichwa cha Bi Mwajabu,
na hakuna mbili zinazopatana.

Ya kwanza imo kwenye kioo kinachohesabu mapigo:
kilifika Tanga ndani ya kontena
lakini bado kinaishi kwao, ambako hata hakujakucha.
Ya pili ni ya pampu ya dawa, zawadi ya watu wa ng'ambo;
iko mbele dakika kumi na saba,
kama mgeni aliyewahi harusini, hajui akae wapi.
Ya tatu ni ya mashine ya kupumulia, mpya, ya tenda,
nayo imejichagulia mwaka: elfu mbili kamili.

Mimi ninayo ya nne, kifuani, kwa pini.
Niliinunua Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Ndiyo ninayoiamini.

Usiku kazi yangu ni kupeleka maneno.
Kioo kinasema: hewa yake yashuka.
Pampu haisikii,
inazidi kumtilia dawa ya maumivu, tone, tone,
dawa ileile inayomsahaulisha kuvuta pumzi.
Ukuta mmoja, soketi moja,
hata salamu hakuna.
Basi nachukua namba hapa naipeleka pale,
na karatasi ikikosekana naandika kiganjani:
tisini na moja. Themanini na nane.
Nikinawa, habari za mgonjwa zinaingia kwenye sinki.

Wodini humu mama wa Lushoto huamka na *onga makeo*,
wa Moa humjibu *unalamukadze*,
na wakishindwana hukutana kwenye Kiswahili,
wakaazimana ndoo, chumvi, kanga ya kufutia mtoto.
Mashine hazijapata Kiswahili chao.

Akaja Semvua, fundi wa vifaa tiba,
na mkoba wa kompyuta wenye bisibisi na maandazi.
Hakuanza na waya. Aliuliza:
"Dada Mwanahawa, sasa hivi saa ngapi?"
Nikamwonyesha kifuani.
Akapiga magoti, akazinyoosha zote tatu kwa yangu.
"Watu wasiokubaliana kama ni leo au jana," akasema,
"usiwaulize nani alianza."

Siku tisa alishinda sakafuni,
na kisanduku kama kipande cha sabuni,
kinachosikiliza huku, kikatafsiri kule.
Kiwanda kimoja kilimwandikia: ukigusa, dhamana imekwisha.
Kingine kilitaka alipie kamusi.
Kamusi! Ya maneno kumi na manne,
ambayo alikwisha kuyaokota mwenyewe
kwa kutega sikio usiku, akitafuna andazi.
Daktari Mhina alijaribu kwanza kwenye ndoo ya maji,
mara arobaini, ndipo akatia sahihi.

Jumatano, saa nane na dakika tano za usiku
(mbili na tano kwa hesabu yao, nane na tano kwa yetu,
lakini mshale wa dakika ulikuwa mmoja)
Bi Mwajabu alisahau kuvuta pumzi.
Nilikuwa kitanda cha kumi na moja,
mikono imejaa mtoto wa mtu.
Kioo kikasema.
Kisanduku kikasikia.
Pampu ikasimama.

Nilikuja mbio, kiatu kimoja kimebaki nyuma.
Nikamtikisa bega, nikamwita, akavuta, akavuta tena,
akafumbua jicho moja:
"We Mwanahawa, mbona hiki kimenyamaza?"
"Kimeambiwa."
"Na nani?"
"Na jirani yake."
Akaguna. "Siku zote hizo walikuwa wamenuniana?"

Sisemi mengi. Mashine ya kupumulia bado imegoma;
jana imerudi tena elfu mbili kamili,
na Semvua yuko Muheza, ameitiwa jokofu la chanjo.
Kalamu yangu haijatoka mfukoni.
Ila asubuhi ile nilinawa mikono
na maji yakashuka meupe.