Mdaini Punda

Nimepokea waraka,
herufi zimepangika,
salamu, kisha hakika:
nina elfu sita deni.

Ati ndiyo ada yenu
ya kutoka kundi lenu,
nimevunja neno lenu
mapema, bila idhini.

Mimi Somoe wa Shee,
sina mbio, ni mzee,
nasema iwaelee,
niko Lamu, Mkomani.

Fundi wenu alipanda,
waya wake akatanda
chini, njiani pa punda;
nikasema: "Pandisheni!"

Akacheka, kanambia:
"Bi Mkubwa, we tulia,
gari halipiti njia
hii, u salama ndani."

Kuta zetu ni za mawe,
unene mno, mjuwe,
mtandao hata uwe
mkali, hufa uani.

Ndipo kijana Famau,
hesabu asisahau,
akakaa angalau
ukingoni, kisimani.

Nikalipa kila mwezi
kwa kachiri za viazi,
sichelewi, mi si mwizi,
risiti zi mtungini.

Punda, mzigo mchanga,
shingoni ukamfunga,
akavuta, akatanga
nao nusu, hadi pwani.

Napiga simu: "Ngojea."
Kinanda chaendelea,
sauti inarejea:
"Wewe wa kumi foleni."

Arubaini za giza,
bili hamkuisaza;
fundi, nikiwauliza,
yuko Malindi, kazini.

Famau naye kahama
kwenda Mombasa kusoma;
kisanduku chenu chema
nikarudisha dukani.

Karani kakipokea,
muhuri kanigongea,
kwa kicheko kaongea:
"Sasa hatudaiani."

Leo ndimi mvunjaji,
ndimi mwizi na mlaji,
mwanitisha kwa majaji
na orodha ya madeni.

Karani nilipomwona
kasema, "Bibi, hapana,
mimi hapa sina jina,
mashine ndiyo sultani."

Mwanangu kasema, "Mama,
lipa, upate salama,
elfu sita si gharama
ya kukutia huzuni."

Nikamwambia, "Si pesa,
ni neno lililotesa:
naitwa mwenye makosa,
muhuri u mkononi."

Basi na tuulizane:
ahadi, tutazamane,
ilivunjwa, tupatane,
na mimi au na nani?

Mvunjaji ana kwato,
mkia, hana kipato,
hubeba mawe, kokoto,
basi yeye mdaini.

"Mpendwa Punda," muanze,
salamu mumtulize,
kisha ada mumweleze,
teke lake likingeni.

Nami nina yangu bili,
isomeni, ni kamili:
ukuta, tundu ni mbili,
zapangishwa, si hisani.

Na ngazi ilopandiwa,
na chai iliyonywewa,
na tambi zilizoliwa,
nani kalipa? Semeni.

Na Famau, kwenye kingo,
mbu wamemla mgongo
akikunja yake shingo,
huyo mwamlipa nini?

Pamoja ni elfu tisa;
toeni sita za "kosa",
salio nataka sasa,
noti tatu, bahashani.

Na waya uliobaki
sikuukata, sitaki;
naanika, kila wiki,
mashuka ya kitandani.

Ndiyo huduma pekee
ya kwenu nitegemee:
upepo uongezee,
haikatiki hewani.

Jana mmenitumia
ujumbe wa kuvutia:
"Mteja, twakuwazia,
nyota ngapi za moyoni?"

Nikawaza, nikacheka,
miwani nikaiweka,
kidole kikatamka:
"Zimebebwa hadi pwani."