Sarafu ya Lifti

Umekuja tena, Mzekala, na theluji mabegani,
na karatasi ya kampuni ya kamari
umeikunja mara nne kama barua ya posa.
Keti. Usiegemee kushoto,
kiti hicho kina mguu mfupi.

Mimi ndiye mshauri wa ajira wa kitivo cha kompyuta,
chumba cha mwisho, karibu na choo.
Benki ilinipa bango la ukutani: FUATA NDOTO ZAKO.
Nimeligeuza.
Mgongoni mwake naandika deni la chai na sukari.

Mshahara wao mnono, sikufichi.
Mwezi mmoja kwao ni miezi mitano ya baba yako.
Kazi yenyewe: kupima ni sekunde ngapi
aliyeliwa hukaa kabla hajaweka tena,
kisha kuzipunguza.
Wenzako watatu wameshakwenda. Wanalipia mama zao kodi.
Siwanyoshei kidole; tumbo halina likizo.

Ila juzi nilikuuliza swali lisilokuwemo kwenye fomu:
unafanya nini usipotumwa na mtu?
Ukaona haya. Ukachezea zipu ya koti.
Ukasema, "Natazama lifti."

Lifti ya kwenu Gldani, ghorofa kumi na sita,
ile inayokula sarafu ndipo ipande.
Ukanieleza inavyoipita ghorofa ya tisa ikiwa tupu,
Bi Eteri kasimama na ndoo ya viazi,
yenyewe inateremka hadi chini kumfuata kijana mmoja,
inapanda naye, na Bi Eteri imeshamsahau.
"Si kwamba haina nguvu," ukasema,
"haijui kupanga foleni."
Zipu ulikuwa umeiacha.
Mikono yako yote miwili ilikuwa lifti,
inapanda, inashuka, inasimama panapostahili.

Kisha daftari. Miezi minane ngazini na saa ya kupimia:
nani kaita, lini, kangoja kiasi gani.
Sekunde mia na arobaini kwa wastani.
Kwa programu yako, hamsini na mbili,
lakini ndani ya kompyuta tu,
maana msimamizi wa jengo alikufukuza kwa ufagio.

Sasa sikiliza nisichowaambia wengine.
Nami nilikuwa na yangu.
Nilitoboa kadi kwenye taasisi ya hali ya hewa,
nikikokotoa mvua ya mawe
kabla haijaangukia mizabibu ya Kakheti.
Kisha umeme ukakatika, si saa, miaka.
Nikasimama sokoni nikiuza mbegu za alizeti kwa glasi,
mkono unapima mbegu, kichwa kinapima mawingu.
Mpaka leo wingu likipanda kutoka mashariki
vidole vyangu huenda mfukoni vyenyewe, kutafuta kalamu.

Kwa hiyo usiniulize kama shauku hulisha.
Mimi haikunilisha. Ila nimeifukuza, haiondoki.
Penye nia pana njia, wanasema;
nimeziona nia nyingi
zimesimama ghorofa ya tisa na ndoo.

Kuna fundi Didube, jina lake Otari.
Ana mafundi sita, mikono ya grisi mpaka kiwikoni,
na mitambo mipya ya lifti ambayo hawajui kuiambia kitu.
Atakulipa theluthi ya hao wa kamari.
Atafoka. Atakuita "mtoto."
Namba yake hii hapa. Sikuagizi. Ninakupa namba.
Ya kamari mwisho Ijumaa.

Umeondoka, karatasi iko mezani.
Sijui umeisahau au umeiacha.
Nimeitia kwenye droo; Ijumaa bado.

Nachungulia koridoni.
Lifti ya kitivo imefika, imefungua mlango,
imekungoja, imefunga.
Hukupanda.
Umesimama, midomo inacheza,
unahesabu.