Tiketi Mbili za Wananchi

Mmbone ametua na begi la magurudumu manne
na orodha aliyoiandika ndani ya treni ya kwenda kazini, huko Leeds:
heroe. Menengai. Mahindi ya kuchoma, ndimu na pilipili.
Kiwanda cha pareto, langoni tu, pale Baba alipokuwa akitokea
saa kumi na moja, vumbi la maua kwenye nyusi zake.
"Nitembeze," akasema, "kama nilivyokutembeza."

Kweli alinitembeza. Mwaka ule wa koti la kuazima
nilipanda ngazi za ngome moja yenye kuta kama meno ya kizee,
nikaonyeshwa kitanda cha mfalme aliyekufa kijana,
nikanywa chai katika mvua isiyonyesha wala kukatika.
Mzee wa tiketi aliniita kipenzi, na jina langu halijui.
Mmbone akalipa, bei hakuniambia,
nami nikapiga picha ya kila kitu isipokuwa mikono yake,
iliyochubuka kwa sabuni ya kuogeshea wazee wa watu.

Sasa ni zamu yangu, mwalimu wa hesabu
mwenye Probox ya shemeji na mafuta ya elfu moja.

Langoni mwa mbuga, kijana wa sare iliyonyooshwa kwa pasi
akatabasamu: "Vitambulisho."
Nikatoa changu. Mmbone akapekua, akapekua,
akatoa kile kitabu chenye simba na farasi wa pembe moja.
"Mama huyu ni mgeni," kijana akasema, kwa adabu. "Wageni ni kwa dola."
Mgeni? Huyu?
Huyu amezaliwa hospitali kuu ya hapa, usiku stima zilipopotea,
kitovu chake kiko mtaa wa Flamingo, nyuma ya karo la maji,
na kovu la gotini alipewa na seng'enge yenu hii hii
tulipoingia kuiba kuni!
Kijana akasikiliza yote, hadi mwisho.
Kisha akasema tena: kwa dola.
Nyuma yetu honi zikaanza.

Mmbone hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma.
Alikifunga kitabu polepole, kama afungaye mlango
wa chumba alimolala mgonjwa.
"Kadenyi, geuza gari. Heroe wenyewe wamehama."

Na ni kweli. Maji yamepanda, yamelimeza lango la zamani,
migunga imekufa wima, ziwa kiunoni,
na ndege waliotuachia jina la mtaa wamekwenda Bogoria.
Hakuna aliyewauliza karatasi.

Tukaenda kile kilima cha pimbi, kando ya njia ya Nairobi.
Nikamwambia abaki garini, ajifanye yuko kwenye simu.
Dirishani nikasema, "Mbili. Za wananchi."
Mlinzi hata hakuinua kichwa kutoka kwa redio.
Mimi, mweka hazina wa kanisa,
nikarudi mbio kama mwizi wa kuku
kumpelekea dada yangu uraia wake
kwenye karatasi isiyozidi kiberiti.

Huko juu, mwambani, kuna vishimo vya bao
vilivyochongwa na watu ambao majina yao hayakubaki.
Tukavua viatu. Kokoto zikawa kete.
Nilidhani amesahau, miaka kumi na tisa si mchezo.
Akachota, akasambaza, akala, akaendelea kula,
nami kwa pembe ya jicho nikamwona
akificha kete mbili kiganjani,
mkono uleule wa kushoto
alioniibia nao kila Jumamosi.

Sikusema kitu.
Chini yetu ziwa lilikuwa pana kuliko ninavyolikumbuka,
rangi ya bati, bila hata doa la waridi.
"Zamu yako," akasema. "Ama umechoka, mwenyeji?"