Kovu la Chanjo

Sehemu ya saba ilirushwa Alhamisi, saa tatu usiku.
Mvua ya Machi. Ipogolo yote matope.
Tulibanana kwa Mama Luvanda, penye ulanzi,
runinga juu ya friji lisilogandisha kitu.

Hadithi yenyewe: mwanamke wa mwaka elfu nne na ushei
anashuka kwenye chombo kama yai la bati
katikati ya nguzo za Isimila,
miaka laki mbili na nusu kabla yetu.
Anamtafuta mtu wa kale aliyeguswa na kesho.
Sikuelewa. Nadhani hata aliyeiandika hakuelewa.

Mtu wa kale ni Kihwele.
Kihwele wetu, wa pancha na minyororo ya baiskeli.
Walimlipa elfu arobaini kwa siku, na wali maharage,
wakampaka masizi na mafuta ya alizeti,
wakamwambia: usiongee, watu wa kale hawakuwa na maneno.
Akauliza, nani alikuwepo akasikia?
Wakamwambia: wewe guna tu.

Basi akaguna. Aliguna vizuri, tusimnyime haki yake.
Amechuchumaa korongoni, anagonga jiwe kwa jiwe,
na mikono ni ile ile
inayozamisha mpira kwenye beseni la maji, pole pole,
ikisubiri povu liseme tundu liko wapi.

Halafu akageuka. Kamera ikamsogelea bega.
"Chanjo!" Lugano akaruka, kikombe kikamwagika.
"Jamani, kovu la chanjo!"
Kweli. Mkono wa kulia, juu,
kiduara kinachong'aa
kama alama ya kidole kwenye ugali uliopoa.
Mtu wa zama za mawe
kachanjwa kifua kikuu Tosamaganga!
(Na Tosamaganga, wanasema, maana yake ni tupa mawe.)

Tulicheka hadi ulanzi ukatutokea puani.
Huku juu ya friji yule mwanamke anampita,
macho kwenye kifaa chake kilichokaa kimya,
anampita kama nguzo nyingine tu.
"Huyo hapo, mama! Huyo hapo begani!"
tukamzomea, kana kwamba angesikia.
Kihwele akaguna mara ya mwisho, kwa sauti ndogo.
Yai la bati likapaa.
Tangazo la mbolea.

Mwenyewe alikuwa mlangoni, juu ya kreti,
koti limelowa mgongo mzima,
hakuwa amecheka hata mara moja.
Lugano akamwambia: Kihwele, umewaharibia watu kazi.
Akalifikicha bega juu ya koti,
kama mtu aliyekumbuka sindano.

"Ule mguno wa mwisho," akasema,
"haukuwa mguno. Walidhani naguna.
Nilimsalimia. Kamwene.
Mgeni, katoka mbali vile, yuko peke yake.
Hakuitika."

Akanyoosha kikombe kiongezwe.
Mama Luvanda akamjazia,
na usiku ule hakumdai.