Kipengele 2.7

Mwaka wa tatu, ukadiriaji majenzi, Bukavu.
Profesa Kashemwa huchora mstari ubaoni
kwa chaki ambayo hajawahi kuivunja:
"Kila kitu kina kipimo chake.
Ukuta, mita za mraba. Zege, mita za ujazo.
Mlango, idadi. Kisichopimika
kiandikeni 'jumla', muendelee."

Naipenda kazi hii, sikatai.
Napenda jinsi nyumba isiyokuwepo bado
inavyolala nzima katika karatasi nne:
msingi, nguzo, lenta, paa,
misumari kwa kilo, rangi kwa tabaka,
na asilimia tano ya dharura
kwa ajili ya mvua na wezi wa nondo.
Napenda kumnasa fundi Mulumeoderhwa
akidai mifuko arobaini ya simenti
pahali pa thelathini na mmoja.
Hucheka, hukuna shingo:
"Weye kijana, kalamu yako itatuua njaa."

Shantie ya mafunzo iko Funu, juu kabisa,
kwenye mteremko ambao hata mbuzi huufikiria kwanza.
Lori humwaga mchanga chini, barabara inapokoma.
Kutoka pale, ni migongo.

Wanawake wanapanga foleni. Koleo linajaza mifuko.
Kamba inavuka paji la uso, shingo inakaza,
mguu unatafuta udongo usiosaliti.
Mimi nimeketi juu na daftari, nahesabu:
vijiti vinne, cha tano kikilala juu yao.
Kumi na moja.
Kumi na mbili.
Wa kumi na tatu kavaa kitenge cha samaki wa njano
nilichokifua mwenyewe Jumapili.

Sikuinuka.
Wenzangu walikuwepo, na sikuinuka.
Naye, Nsimire M'Cirhuza, alinipita
kama mtu apitavyo mlango wa ofisi ya serikali,
akamwaga, akakung'uta mfuko, akashuka.
Nikatia kijiti chake.
Kilikuwa sawa kabisa na vingine.

Usiku umeme ulikatika. Kwa tochi ya simu:
mita moja ya ujazo ya mchanga, kilo elfu moja na mia sita.
Mzigo mmoja, kilo hamsini, tuseme.
Safari thelathini na mbili.
Nyumba yetu inataka mita kumi na nane:
safari mia tano sabini na sita,
kila safari faranga mia tano.
Hapo ningefunga daftari.
Lakini mkono, ukishazoea kugawanya, haukomi.
Nikachukua minervali yangu, dola mia nne,
nikaigeuza faranga, nikaigawa.
Safari elfu mbili mia mbili na arobaini.
Mita sabini za mchanga kwa mwaka mmoja wa mimi kukaa kitini.

Mama alikuwa amelala, uso kwangu.
Pajini pake kamba imechimba mfereji.
Upana, sentimita tatu.
Kina,
sikuandika.

Asubuhi nilifungua makadirio yangu.
Kipengele 2.7: usafirishaji wa mchanga hadi eneo la kazi.
Nikafuta "jumla".
Kipimo: mgongo.
Kiasi: 576.

Profesa aliirudisha baada ya wiki mbili,
wino mwekundu ukizunguka neno moja tu:
"Kipimo hiki hakipo."
Kumi na nne juu ya ishirini.
Sijui kama alinikosoa
au alikuwa anataja jambo ambalo hata yeye limemshinda.

Nyumbani Mama anachagua maharagwe,
mabovu huku, mazima kule.
Hasomi, ila namba hazijawahi kumpotea,
wala mchanga haujawahi kumwagika njiani.
"Wamekupa ngapi?"
"Kumi na nne kwa ishirini, Mama."
Akatupa jiwe dogo mlangoni, akainua macho.
"Na zile sita, nani kabaki nazo?"