Hasi Hamsini na Nane

Nimefunga mkanda mara mbili, nikauvuta mara ya tatu,
maana juu ya orofa ya saba hapa Pipeline hakuna ya nane,
kuna kamba za nguo na matangi meusi ya maji,
na Mama Sabina anayeniuliza kutoka chini ya mlingoti
kama hicho chungu cheupe kitachelewesha shuka zake kukauka.
Hapana, mama. Hakishiki jua.
Anakitazama kwa muda,
kisha anahamisha shuka zake.

Spana namba kumi na tatu iko mkononi, imefungwa kamba,
kwa sababu ile ya mwezi uliopita ilitua kwenye karai la mandazi
nikalipa karai, na mafuta, na mandazi.

Kilomita sita mbele yangu, juu ya mlingoti wa Komarock,
kuna mtu anaitwa Barasa.
Sijawahi kumwona. Namjua kwa simu,
jinsi anavyokohoa kabla ya kutaja namba.
Anageuza sahani yake kunitafuta,
nageuza yangu kumtafuta,
na kati yetu jiji limesimama bila habari:
mabati, mabango, misalaba, minara,
korongo wawili juu ya taa ya barabarani,
ndege ya mizigo ikishuka na magurudumu nje.

"Hasi themanini na tisa."

Hesabu yetu yote iko chini ya sifuri.
Hakuna fundi aliyewahi kuifikia, wala anayetumaini.
Tunachotafuta ni upungufu uliopungua.
Nilipoanza kazi nilidhani itanishinda;
kumbe nilikuwa nimeisomea zamani
kwenye daftari la duka la Gatimu,
ukurasa wenye jina langu.

"Kushoto kidogo. Kidogo! Kama mtu anayekataa chai kwa adabu."
Nalegeza nati.
"Hasi sabini na sita."
Kushoto tena.
"Themanini na nne. Umenipita, Kerubo. Rudi."

Kupita ni rahisi hivyo.
Upana wa ukucha huku, kule ni mtaa mzima:
nimemkosa Barasa, nimeilenga Njiru,
namwagia mawimbi dirisha la mtu anayepiga pasi.

Halafu kuna lile jengo, upande wa Soweto,
limevaa fito kuanzia miguuni.
Wiki iliyopita orofa ya tano, leo ya sita.
Wiki tatu, nne, zege likikauka,
kichwa chake kitaingia kwenye mstari wetu
kama jirani anayesimama katikati ya maongezi.
Nawaona mafundi wake, wadogo kama punje za dengu,
wakipandisha ndoo. Mmoja anapunga mkono,
labda kwangu, labda kwa winchi.
Nampungia kwa spana.

Jua limefika utosini. Mutiso,
aliyeitia kompyuta ndani ya katoni ili aone kioo chake,
anauliza kama leo tunafunga Ramadhani.
Barasa anasema, "Ngoja. Nina kioo."
Kioo gani?
"Cha kunyolea."

Nangoja. Mabati yote yanametameta,
kila paa linadai kuwa Barasa.
Kisha pale, kushoto kwa tangi la buluu,
cheche inakonyeza, inazima,
inakonyeza tena, kwa makusudi.

Naifuata. Robo ya robo ya mzunguko.
"Sitini na tatu. Sitini.
Hamsini na nane! Usiguse, Kerubo. Usipumue."
Nakaza nati huku nimebana pumzi,
upande huu, upande ule, zamu kwa zamu,
kama unavyofunika mtoto aliyelala.

"Na wewe nionyeshe uko wapi," anasema.
Sina kioo. Natazama chini.
Mama Sabina amesikia kila kitu;
ameshashika shuka kwa pembe mbili,
anaikung'uta, anaikung'uta, maji yanaruka.

"Naona kitu cheupe," anasema Barasa. "Ni wewe?"
Ni mimi.

Akakohoa. Nikangoja namba.
Haikuja namba.