Kimya Chini ya Kimya

Waya umezama kichwani mwa Bors,
mwembamba kushinda unywele wa mtoto,
na kipaza sauti kwenye rafu kinasema
lugha ya seli moja tu:
ta… ta… ta…
kama bisi za mwisho sufuriani, jiko limeshazimwa.

Ni Debrecen, chumba cha chini ya ardhi, Januari.
Emőke amevaa sweta mbili ndani ya koti jeupe.

Siku ya kwanza tone la maji ya sukari lilidondoka
bila hodi.
Tatatatata! Seli ikafoka,
panya akasahau hata masharubu yake.
Siku ya sita taa ikatangulia, sukari ikafuata,
na furaha ikahama nyumba:
taa ilipowaka, bisi zote ziliruka;
sukari ilipofika, ta… ta…,
kama mgeni aliyekwisha kupigiwa vigelegele njiani,
akaingia, akakuta watu wanaosha vyombo.

Leo mrija umeziba. Sukari imeganda ndani.
Taa ikawaka. Bors akalamba.
Akalamba hewa.
Na katika nukta ileile ya tone lisilokuja
kipaza sauti kikanyamaza,
si kimya cha kila siku,
bali kimya kilichochimbwa chini ya kimya,
shimo lenye upana wa tone.
Emőke akaandika: seli inajua saa.
Akafuta "inajua". Akairudisha.

Jioni, tramu namba moja, kiti cha dirishani.
Kituo cha nne, ghorofa ya tatu, jiko la mama:
miaka kumi na minane taa ile ilimwambia supu iko tayari
kabla ya ngazi, kabla ya harufu ya paprika.
Tangu Novemba hakuna taa.
Shingo bado inageuka.
Inageuka, inakuta shimo lilelile,
na kila jioni, apende asipende, anafundishwa.

Machi alipita akisoma gazeti.
Alikuwa amevuka vituo viwili ndipo akashtuka
kwamba hakutazama,
na hilo likamliza kuliko mazishi.

Bors naye alikuwa amekwisha kuacha:
wiki tatu za taa bila sukari,
kisha wiki mbili za kulala tu kwenye maranda.
Asubuhi Emőke akamrudisha sandukuni.
Akawasha taa.
Panya akanusa chuma, akageuka kama anayeondoka,
akasita,
akarudi, akalamba
mara moja.